Kuzaa gazeti si kazi, kazi ni kulea

Binti yangu ametimiza miezi sita wiki iliyopita. Wiki hiyo hiyo vijana watatu kutoka chuo nilichosoma walikuja kunitafuta ofisini. Siku hiyo nilikuwa hoi. Mtoto anaota meno (wenye watoto mnanielewa), nilikuwa sijalala vizuri siku nne, habari yangu ilikuwa haijaisha na mhariri alikuwa ameshaniuliza mara mbili iko wapi. Nikawachukua hadi kwa mama ntilie nyuma ya jengo letu, tukaagiza chai na chapati, wakaanza kueleza kilichowaleta.

Niwape historia kidogo ndipo tuelewane. Miaka sita iliyopita mimi na wenzangu wanne tulianzisha gazeti pale chuoni. Msifikirie gazeti la maana. Zilikuwa karatasi nne, zimechapwa kwenye kompyuta ya kuazima, zikatolewa fotokopi na kubanwa stepla kwenye pembe. Toleo la kwanza lilikuwa nakala hamsini, na nadhani ishirini tulizisoma wenyewe. Tulipomaliza chuo tuliwaachia wadogo zetu, nao wakawaachia wadogo zao. Hawa watatu ni kizazi cha nne. Mimi wananiita "mzee wa gazeti" wakati sijafika hata miaka thelathini.

Sasa wamempata mfadhili. Ni mtu mwenye fedha na mwenye mipango yake ya kisiasa. Atawalipia uchapaji wa kiwandani, atawanunulia kompyuta mbili na atawatafutia chumba cha ofisi. Anataka nini? "Hataki kitu," akasema mmoja wao. Kisha akanyamaza kidogo, akakoroga chai iliyokwisha koroga. "Anataka tu awe analiona toleo kabla halijaenda kuchapwa."

Dada aliyekuwa nao, ambaye ndiye mhariri wao, akaongeza: "Kaka, yule mzee anasema anataka kutulea."

Kulea! Neno hilo nilirudi nalo nyumbani. Niliwaomba wanipe mpaka Jumamosi. Usiku ule, nikiwa nazunguka sebuleni na binti yangu begani, nilianza kuyakumbuka magazeti ya Kiswahili niliyoyasoma katika historia, moja baada ya jingine. Nikajiuliza maswali ambayo mtu huuliza juu ya watoto. Nani alilizaa hili? Nani alililea? Lilikufa kwa ugonjwa gani? Ndugu msomaji, yafuatayo ndiyo niliyoyapata kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri.

Tuanze mwanzo. Gazeti linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza la Kiswahili ni Msimulizi, lililoanza Zanzibar mwaka 1888 chini ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Misheni hii ndiyo iliyokuwa na shule ya Kiungani, shule ambayo ilianza kwa kulea watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hebu fikiria jambo hilo. Mzazi wa kwanza wa gazeti la Kiswahili ni mlezi ambaye tayari alikuwa na nyumba iliyojaa watoto wasio na wazazi. Aliwalisha, akawavika, akawafundisha kusoma na kuandika. Pia akawachagulia majina na dini. Hakuna mlezi anayelea bila kuacha alama yake, hata awe mwema kiasi gani.

Halafu akaja Mjerumani. Mwaka 1904 gazeti la Kiongozi lilianza kutoka Tanga, kwenye shule ya serikali. Lilizaliwa kwa ajili ya kazi ya baba: kupeleka matangazo ya serikali kwa makarani, maakida na walimu waliotapakaa kila wilaya. Lakini watoto wana tabia moja, hawabaki pale ulipowaweka. Walimu na makarani waliosoma Tanga walianza kulitumia Kiongozi kupeana habari zao wenyewe: nani amehamishiwa wapi, mvua imenyesha wapi, nani amefariki. Walikuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, wakati pwani yote kwa karne nyingi iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo gazeti la mkoloni likasaidia kuwapa watu wa Bukoba, Tabora na Lindi namna moja ya kuandikiana. Sidhani kama baba alipanga hivyo.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Tanga. Kiongozi likafa hapo hapo. Halikuugua wala halikukosa wasomaji. Baba aliondoka, na kwa kuwa kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa cha baba, mtoto hakuwa na pa kubaki. Huu nauita ugonjwa wa kwanza wa magazeti: kuishi kwa pumzi ya mtu mmoja.

Mwaka 1923 Waingereza nao wakazaa wa kwao. Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi. Huyu alikuwa mtoto aliyeshiba. Alikuwa na karatasi, mashine, wahariri wenye mishahara na wasomaji kila shule. Alidumu zaidi ya miaka thelathini, umri ambao magazeti mengi ya Kiswahili hayajawahi kuuona. Kurasa zake zilikuwa na maelezo ya kilimo na afya, habari za dunia, barua na mashairi. Shaaban Robert aliandika humo. Mathias Mnyampala pia. Ukitaka kujua ushairi wa Kiswahili ulivyovuka kutoka pwani ukaingia bara, huwezi kuliruka Mambo Leo.

Ila mtoto huyu alifundishwa adabu moja tangu utotoni: mbele ya wageni usiseme ya nyumbani. Kodi, ardhi, nani atatawala, hayo hayakuwa mazungumzo ya watoto. Nilipokuwa mwanafunzi nililidharau sana gazeti hili. Nililiita kasuku wa mkoloni. Siku hizi dharau imepungua. Nimekuwa mzazi, nimeona kwamba kumlisha mtu kila siku kwa miaka thelathini si jambo dogo. Lakini swali linabaki pale pale: umemlisha ili aje kusema nini?

Twende Mombasa. Hapa ndipo nilipokaa chini kwenye kochi, binti ameshasinzia, kwa sababu kuna baba mmoja ambaye kwake mfano huu si mfano tena.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa mwanachuoni aliyeumizwa na hali ya Waislamu wa pwani. Aliona elimu imewapita, mali imewatoka, na vijana wanaiga kila kitu cha mtawala bila kuchuja. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake iliyoitwa Sahifa. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, lililokuwa na Kiswahili na Kiarabu. Al-Islah maana yake ni kutengeneza, kurekebisha mambo. Hakuwa na idara ya serikali nyuma yake. Alikuwa na kalamu na watu wa mji wake.

Mwaka 1933, Sheikh alipata mtoto wa kiume. Akaitwa Ali.

Al-Islah halikudumu miaka mingi. Mwaka 1937 Sheikh akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki katika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1947, wakati Ali ana miaka 14. Ungepita Mombasa mwaka ule ungesema mzee huyu ameacha gazeti lililokufa na mtoto yatima. Makala zake baadaye zikakusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Na yule yatima ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyefundisha Makerere na kisha Marekani, aliyeiandalia televisheni mwaka 1986 mfululizo wa vipindi kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mnaliona swali lenyewe? Ni lile lile ambalo baba alikuwa analiuliza katika vijikaratasi vyake vya Mombasa: tuchukue nini cha wageni, tubaki na nini chetu? Mtoto alilijibu tofauti na baba, kwa lugha nyingine, mbele ya dunia nzima. Alipofariki mwaka 2014 huko Marekani alirudishwa kuzikwa Mombasa kwenye makaburi ya ukoo wake.

Mimi sisemi kwamba gazeti ndilo lililomlea Ali Mazrui. Ninachosema ni kwamba baba yake alikuwa analea watoto wawili kwa chakula kimoja. Yule tuliyedhani amekufa mapema alikuwa ameshamwachia mwenzake sehemu yake.

Kule Dar es Salaam nako kulikuwa na mzazi wa aina nyingine. Erica Fiah alitoka Buganda, akawa mwenye duka mjini. Mwaka 1934 aliunda chama cha kusaidia Waafrika katika maisha na biashara, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu. Kwa mara ya kwanza Tanganyika ikawa na gazeti ambalo mwenyewe ni Mwafrika, si serikali wala misheni. Lisikilize hilo jina. Kwetu! Si kwao, wala si kwa bwana mkubwa. Fiah aliibana serikali, akawabana wafanyabiashara wa Kihindi, na hata Waafrika wenzake wasomi aliwachokoza.

Lakini gazeti la mtu asiye na mtaji lina homa za mara kwa mara. Leo limetoka, kesho limechelewa, keshokutwa karatasi zimekwisha. Fiah alilivuta hivyo hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukihesabu, ni zaidi ya miaka kumi ya kumbeba mtoto mgonjwa mgongoni huku ukifungua duka asubuhi. Likafa. Hata hivyo, baada ya Kwetu hakuna aliyeweza tena kusema kwamba Mwafrika wa Tanganyika hawezi kuwa na gazeti lake. Mtoto wa kwanza ndiye anayefungua njia, waswahili tunajua.

Na wadogo zake wakaja kweli. Mwaka 1957 kulizaliwa wawili. Mmoja ni Sauti ya TANU, vijikaratasi vilivyotolewa kwa mashine ya kudurufu. (Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka, nikakumbuka fotokopi zetu.) Mwingine ni Mwafrika, gazeti la Robert Makange na Kheri Rashidi Bagdelleh.

Mwaka uliofuata wazazi wa watoto hawa wote walisimama kizimbani. Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika makala aliyoiandika kwenye Sauti ya TANU. Mahakama ilimpa achague: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Uchaguzi wa kura tatu ulikuwa unakaribia, chama kinamhitaji nje. Akalipa. Makange na Bagdelleh hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka huo huo wa 1958 walipelekwa jela kwa kosa la uchochezi kwa sababu ya maneno yaliyochapwa katika Mwafrika.

Hapa mfano wa mtoto unaniingia kwenye mifupa. Mtoto akivunja kioo cha jirani anaitwa baba. Gazeti likisema neno, anaitwa mhariri. Ukiliweka jina lako pale chini ya ukurasa wa mwisho, umekubali kuitwa usiku wa manane. Watu wengi wanapenda kuitwa "baba fulani" siku ya sherehe. Uzazi unapimwa siku ile polisi wanapouliza: huyu wa nani?

Nikalikumbuka na Ngurumo. Hili lilianza mwaka 1959, mwenyewe Mtanganyika mwenye asili ya Kihindi, Randhir Thaker. Lilikuwa gazeti la watu wa kawaida. Lilipendwa vijiweni, lilisomwa kwa sauti mmoja akisoma kumi wakisikiliza, na katika miaka ya 1960 lilikuwa miongoni mwa magazeti yaliyosomwa kuliko yote nchini. Lakini mitambo yake ilikuwa ya kizamani, na wenzake walipopata mashine mpya lenyewe likabaki na zile zile. Mwaka 1976 likafungwa. Kupendwa peke yake hakumkuzi mtoto. Lazima umnunulie viatu vipya vya zamani vikimbana. Wale vijana wangu na mfadhili wao walikuwa wananiambia jambo hili hili, na walikuwa na haki: fotokopi zinatuua.

Kisa kinachofuata ndicho nilichokusudia kuwasimulia tangu mwanzo, kwa sababu kinafanana na lile sharti dogo la mfadhili.

Februari 1970 serikali ya Tanzania ililitaifisha The Standard, gazeti la Kiingereza lililokuwapo tangu mwaka 1930, lililokuwa la walowezi na makampuni ya nje. Mwalimu mwenyewe akawa mhariri mkuu kwa cheo, na kazi yenyewe ya kila siku akapewa Frene Ginwala, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Mwalimu akatoa waraka wa kulielekeza gazeti. Litakuwa la kijamaa, litaunga mkono siasa ya nchi, lakini pia litakuwa huru kukosoa na kujadili. Yaani mzazi wa kambo ameingia ndani, amemketisha mtoto, akamwambia: mwanangu, katika nyumba hii sema, usiogope.

Mtoto akasema. Mwaka 1971 Rais Nimeiry wa Sudan aliponusurika kupinduliwa aliwanyonga viongozi wa kikomunisti. The Standard likaandika maoni makali ya kulaani. Nimeiry alikuwa rafiki wa Tanzania. Ginwala akaondolewa. Mwaka 1972 The Standard likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la chama, likazaliwa Daily News, ambalo Benjamin Mkapa alikuja kuliongoza. Ginwala, kwa taarifa yenu, alirudi kwao na mwaka 1994 akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru. Alifariki mwaka 2023.

Nampenda Mwalimu, sifichi. Na naamini alipoandika ule waraka alimaanisha. Ndiyo maana kisa hiki kinanitisha. Kama mlezi mwenye nia njema namna ile, mwandishi yeye mwenyewe, aliyewahi kushtakiwa kwa makala yake mwaka 1958, alishindwa kuvumilia pale mtoto aliposema neno lililomwaibisha mbele ya mgeni, je, mfadhili wa vijana wangu atavumilia siku ngapi?

Msidhani haya ni ya zamani. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, ambalo mmiliki wake ni CCM, lilichapa ukurasa wa mbele habari kwamba Rais Samia hana mpango wa kugombea mwaka 2025. Chama chenyewe kikalisimamisha kwa siku saba, serikali ikasitisha leseni yake kwa siku kumi na nne. Mzazi alimchapa mtoto wake wa kumzaa hadharani, halafu mjumbe akaongeza fimbo zake. Februari 2022 serikali ikarudisha leseni za magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa: Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima. Wengi tulifurahi. Lakini mwulize mzazi yeyote: mtoto aliyetolewa darasani miaka kadhaa, ukimrudisha leo, anakaa dawati lipi? Waandishi walikwisha kutawanyika, wasomaji walikwisha kuzoea kuishi bila yeye.

Sasa ngojeni kidogo, kabla hamjaniambia kwamba nimeuvuta mfano huu hadi ukachanika. Najua gazeti si mtoto. Nimelala pembeni ya mmoja na nimelala juu ya meza ya mwingine, tofauti naijua. Gazeti likifa unaweza kulianzisha jingine Jumatatu. Mtoto ana haki ya kupendwa hata asipofanya la maana, gazeti halina haki hiyo. Na kuna tofauti kubwa zaidi: ukimlea mtoto vibaya anayeumia kwanza ni yeye. Ukililea gazeti vibaya, anayeumia kwanza ni msomaji, mtu ambaye hamkuketi naye mezani wala hakuulizwa kitu. Yule mama wa Mbagala aliyenunua gazeti ili ajue bei ya unga imepanda kwa sababu gani, yeye hajui kwamba kuna mtu amelipitia toleo kabla yake na kufuta mistari miwili.

Kwa hiyo nilipofika alfajiri nilikuwa na jambo moja tu la kuwaambia vijana. Katika visa vyote hivi, fedha ya kulelewa haikuwa dhambi. Kila mtoto amenyonyeshwa na mtu. Kiongozi lilikula kwa Mjerumani na bado likawaunganisha walimu. Mambo Leo lilikula kwa Mwingereza na bado likatupa mashairi. Mambo yanaharibika pale anayelisha anapotaka pia kushika ulimi.

Jumamosi walikuja nyumbani. Mke wangu akawapikia wali na maharage, binti akamchafua mhariri wao nguo, wakazoeana. Nikawasimulia haya niliyowasimulia ninyi, nikawaonyesha pale Sheikh al-Amin, pale Fiah, pale Ginwala. Kisha nikafungua mdomo ili niwaambie la kufanya. Nilikuwa nimeshaandaa kabisa hotuba: mkatalieni, gazeti letu hatulitoi.

Dada yule akanitazama, akauliza kwa upole: "Kaka, ukisema 'letu' una maana gani?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Miaka miwili nilikuwa nawatumia ujumbe kila toleo likitoka. Herufi hii mmekosea, kichwa hiki hakifai, picha hii ya nini. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe na mimi nilikuwa nataka kuliona toleo, tofauti yangu na yule mzee ni kwamba yeye angalau alileta kompyuta mbili.

Nikanyamaza, nikala wali. Waliamua wenyewe pale pale kwenye mkeka, na wala si nilichokuwa nimepanga. Watarudi kwa yule mzee na kumwambia kwamba nafasi ya tangazo ipo, bei yake ni hii, atalipia kama mtu mwingine yeyote, jina lake litaonekana wazi, na toleo ataliona siku ile ile watakayoliona wanafunzi wote. Akikubali watakwenda kiwandani. Akikataa watabaki na fotokopi yao.

Mpaka naandika haya mzee hajajibu. Jana wametoa toleo jipya. Ni fotokopi tena, karatasi nne, stepla kwenye pembe. Ukurasa wa kwanza wameandika juu ya ada na mikopo, wamemhoji ofisa na mwanafunzi aliyelala njaa, habari imesimama vizuri kuliko nyingi nilizoandika mimi mwaka huu. Kwenye kichwa cha habari kuna herufi imerukwa. Herufi kubwa kabisa, inaonekana toka mlangoni.

Nilishachukua simu. Nilishaandika "Habari za kazi, naona pale juu..." Chumbani binti akaanza kulia. Nikaufuta ujumbe, nikaenda kumbeba.

Tutafakari pamoja. Alamsiki.